Mama, hii ilianza saa ngapi?

Siku ile mpwa wangu alikuwa akicheza rede. Wenye watoto wa kike wanaujua mchezo huu: wawili wanarusha mpira wa soksi na matambara, mmoja yuko katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Chupa ilikuwa imefika nusu alipoiachia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini. Wenzake walidhani mpira umempata. Alipotapika, mwalimu wa zamu alimtuma mchezaji mwenzake mmoja amsindikize nyumbani. Alikuwa na miaka 9, yuko darasa la 3, hajawahi kulazwa hata siku moja.

Ilikuwa Alhamisi. Jioni ile bibi yake alimkanda kichwa kwa maji ya uvuguvugu na kumpa Panadol ya dukani. Ijumaa asubuhi zahanati ilimpima malaria kwa kipimo cha haraka, ikakuta hana. Akaambiwa huenda ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge. Jumamosi alfajiri mkono wake wa kulia ulianza kurusharusha, macho yakageuka, akapoteza fahamu. Nyumba nzima ikasema neno moja: degedege. Akafukizwa. Jumapili mchana, baada ya bodaboda, baada ya gari la wagonjwa lililosubiri tuchange mafuta, na baada ya foleni ya malipo, aliingizwa kwenye mashine ya CT-Scan ya hospitali ya mkoa ambao sitautaja.

Daktari aliyetoka na picha mkononi alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukesha. Alimuuliza dada yangu swali moja.

"Mama, hii ilianza saa ngapi?"

"Alhamisi, daktari."

"Alhamisi saa ngapi?"

Dada akanitazama mimi, mimi nikamtazama bibi. Tulijua siku, saa hatukuijua. Kwetu, kichwa cha mtoto kuuma si jambo la kumfanya mtu mzima atazame saa.

Naandika makala hii kwa ajili ya saa ile. Ubongo wa mtoto unapovuja damu, saa za mwanzo ndizo huamua atabaki na nini, na sisi tunazipoteza kwa sababu ambayo haihitaji fedha za mfadhili kuiondoa: hatuamini kwamba mtoto anaweza kupata kiharusi. Kiharusi tumewaachia wazee, pamoja na presha na kisukari. Mtoto tumempa malaria, degedege na, siku hizi, yutiai.

Kilichokuwa ndani ya kichwa cha mpwa wangu ni fundo la mishipa ya damu. Ili kulielewa, inabidi kwanza kuelewa njia ya kawaida ya damu. Damu hutoka moyoni kwa nguvu, ikipita kwenye ateri ambazo kuta zake ni nene. Ateri hutoa matawi, matawi huzaa vijitawi, mpaka damu inafika kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele viitwavyo kapilari. Hapo hupunguza mwendo, hugawa oksijeni na chakula, kisha huingia kwenye vena na kurudi moyoni. Kuta za vena ni nyembamba, kwa sababu damu inayozifikia inatakiwa iwe imeshapoa.

Wenyeji wa mitelemko ya Kilimanjaro wataliona jambo hili haraka. Maji ya mto hayaingizwi kihambani, kwenye shamba la migomba, moja kwa moja. Huvutwa kwa mfereji uitwao mfongo, mfongo ukagawiwa vifereji, vifereji vikafika kwenye shina la mgomba vikiwa na maji mapole. Mtu akibomoa mfongo na kuuelekeza mto mzima kihambani, udongo utachukuliwa na migomba itang'oka. Ndivyo inavyokuwa pale ateri zinapoungana na vena bila kapilari katikati. Madaktari wanaiita hali hiyo AVM. Vena zinapokea shinikizo zisiloliweza, zinavimba, zinajikunjakunja, na siku moja, huenda mtoto akiwa usingizini au katikati ya rede, ukuta mmoja unaachia.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila mwaka hugunduliwa mtu mmoja hivi katika kila watu 100,000. Lakini nadra isitudanganye. Kwa mtoto ambaye hakuanguka wala kugongwa, AVM ni miongoni mwa sababu kuu za damu kuvujia ndani ya ubongo. Na umri wake unaigeuza hesabu. Uwezekano wa fundo kupasuka hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 4 kwa mwaka. Chukua asilimia 3. Kwa mzee aliyebakiza miaka 10 ya kuishi, uwezekano wa kupasuka kabla hajaondoka duniani ni kama robo. Kwa mtoto mwenye miaka 60 mbele yake, unapita asilimia 80. Fundo lilelile, ukubwa uleule, ila kwa mtoto lina muda mrefu wa kungoja.

Swali la pili lililotufikia baada ya lile la daktari lilitoka kwa majirani na ndugu: nani amefanya hivi? Wapo waliotaja jini. Wapo waliomtazama dada yangu kwa jicho la kumuuliza alikula nini, au alikwenda wapi, alipokuwa na mimba. Hilo lilimuumiza kuliko bili ya hospitali, kwa hiyo nalijibu hapa hadharani. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza vipande vya mafundo ya namna hii vilivyotolewa vichwani mwa wagonjwa 72. Kwa 45 kati yao kulikutwa badiliko katika jeni iitwayo KRAS. Badiliko hilo lilikuwa katika seli za mishipa ya fundo lenyewe, na lilipotafutwa kwenye damu ya baadhi yao halikuonekana. Maana yake ni kwamba wengi wao hawakulirithi kwa baba wala mama. Seli moja ilikosea wakati mishipa inajengwa, na kosa likakua pamoja na mtoto. Zipo familia chache zenye ugonjwa wa kurithi unaoleta mafundo ya mishipa, mara nyingi pamoja na kutokwa damu puani mara kwa mara, nazo zinastahili kuchunguzwa. Kwa wengine wote, mama hana kosa, bibi hana kosa, na hakuna jirani aliyemtupia mtoto kitu.

Kuna aina nyingine ya hitilafu hizi inayowahi zaidi. Inatokea katika mwezi wa pili na wa tatu wa ujauzito, mahali penye vena kubwa iliyoko katikati ya ubongo, iliyopewa jina la Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2. Ateri humwaga damu moja kwa moja pale, na moyo wa kichanga hulazimika kusukuma mto usio na mwisho. Mtoto anazaliwa anahema kwa shida, ananyonya kidogo na kuchoka, moyo wake unashindwa kazi ingawa moyo wenyewe umeumbwa vizuri. Wengine huonekana baadaye kwa kichwa kinachokua haraka kuliko umri. Daktari akiweka stetoskopu juu ya utosi badala ya kifua, huweza kusikia damu ikivuma humo kama upepo kwenye mlango usiofunga.

Zamani wengi wa vichanga hao walikufa. Aliyebadilisha hali hiyo kuliko mwingine yeyote ni daktari Mfaransa Pierre Lasjaunias, katika hospitali ya Bicêtre kusini mwa Paris. Yeye na wenzake walipitisha mrija mwembamba kupitia mshipa wa pajani, wakaupandisha hadi kichwani, na kuziba matundu kwa gundi maalumu bila kufungua fuvu. Mwaka 2006 walitoa taarifa ya watoto 216 waliotibiwa kwa njia hiyo tangu 1981. Watoto 23 walifariki, na 143 walikua bila hitilafu ya neva. Mwaka 2023 madaktari wa Boston, Marekani, walikwenda mbele zaidi: waliziba hitilafu hiyo kwa mtoto aliyekuwa bado tumboni, katika wiki ya 34 ya ujauzito.

Lakini kwangu mimi fundisho kubwa la Lasjaunias ni kuhusu wakati kuliko gundi. Alitunga alama za kupima moyo, ubongo, ini, mapafu na figo za kichanga, jumla 21, ili kuamua saa ya kutibu. Ambaye moyo wake unashindwa hata akiwa kwenye dawa, azibwe mara moja. Ambaye anahimili kwa dawa, asubiriwe afikishe kama miezi 5, mishipa ikomae. Ambaye ubongo umeshaharibika kabisa, asiongezewe mateso. Tiba ileile ikifanywa saa isiyo yake huua. Daktari aliyemuuliza dada yangu swali lile alikuwa mwanafunzi wa fundisho hilohilo, awe anajua jina la Lasjaunias au hajui.

Sasa turudi nyumbani. Sitaki kuandika makala ya kulia kwamba hatuna kitu, maana si kweli. Utaalamu tunao, na umekua. Muhimbili, kupitia taasisi ya MOI, wanapasua ubongo na wana chumba cha kuchunguza na kutibu mishipa kwa mrija. Hospitali moja ya Mbale, mashariki mwa Uganda, ilianza kupokea watoto wenye vichwa maji miaka ya mwanzo ya 2000, na njia ya upasuaji iliyokuzwa pale na Benjamin Warf, ya kufungua mkondo wa maji ndani ya ubongo na kuchoma tishu zinazoyazalisha, imekwenda kufundishwa kwingine duniani. Hata CT-Scan yenyewe ina mzizi Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuwaza hesabu zake mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel na Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyeitengeneza mashine ya kwanza.

Tanzania nayo, ilipopata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF wakati wa UVIKO-19, ilitenga sehemu yake kununua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Miaka 15 iliyopita mtoto wa mkoani alilazimika kusafiri hadi jiji kubwa kuona picha ya kichwa chake. Leo wengi wana mashine katika mkoa wao. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza hajawahi kusubiri picha.

Mashine imesogea. Kilichobaki mbali ni njia ya kuifikia. Mpwa wangu alipigwa picha takribani saa 70 baada ya kuachia chupa ya mchanga, katika mkoa ambao mashine ipo na umeme upo. Katika saa hizo 70, safari yote ya barabara haikufika saa 4. Nyingine zote zililiwa na kutojua, na kusubiri fedha.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Nimekaa na wahudumu wa afya, nimeuliza, nimesoma miongozo, na nimeona kwamba mtoto wa umri wa shule amedondoka katikati ya madaftari mawili. Daftari la kwanza ni la watoto chini ya miaka 5. Hilo tumeliandika vizuri, na tujivunie. Mhudumu wa zahanati anafundishwa dalili za hatari: mtoto anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu, hawezi kunyonya wala kunywa. Akiziona, anatoa rufaa. Matibabu yake yana msamaha wa malipo, na kadi ya kliniki inamfuata. Daftari la pili ni la kiharusi. Hilo limeandikwa kwa ajili ya watu wazima: mabango yanaonyesha mzee mdomo umekwenda upande, na kliniki zake ni za presha.

Mtoto wa miaka 9 hayumo kokote. Amekuwa mkubwa mno kwa daftari la kwanza na mdogo mno kwa la pili. Kwa miaka mingi hata fomu za MTUHA, zinazojumlisha wagonjwa wa nje wa vituo vyetu, zilikuwa na safu moja ya kuanzia miaka 5 hadi chini ya 60. Mpwa wangu alihesabiwa pamoja na babu yake mdogo wa miaka 58.

Wala tusidhani ni sisi peke yetu. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotaka kujua kama fundo la AVM ambalo halijapasuka litibiwe au liachwe, uliopewa jina la ARUBA, ulipokea watu wa miaka 18 na kuendelea tu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 na yamebishaniwa hadi leo, lakini mtoto hayumo ndani ya hesabu hizo. Daktari wake anabaki kuazima majibu ya watu wazima na kuyapunguza yamkae, kama mzazi anavyokunja suruali ya kaka mtu.

Najua nitakachojibiwa, na ni jibu la haki. Nchi ambayo bado inazika watoto kwa malaria, nimonia na kuhara ina sababu gani ya kufikiria fundo la mishipa linalompata mmoja katika laki? Muuguzi wa zahanati anayehudumia watoto 60 kwa siku, 50 kati yao wana homa, akimtazama mmoja anayeumwa kichwa na kudhani ni homa, ana kosa gani? Binafsi simlaumu. Mara nyingi atakuwa sahihi, na degedege nyingi za watoto wadogo wenye homa kali kweli ni malaria au homa yenyewe.

Lakini siombi daftari la AVM. Naomba daftari la kichwa cha mtoto. Dalili zilezile zilizompata mpwa wangu ndizo zinazompata mtoto aliyeangushwa na bodaboda na damu inakusanyika polepole ndani ya fuvu. Ndizo za homa ya uti wa mgongo, ndizo za uvimbe wa ubongo. Na ndizo za mtoto mwenye selimundu, ambaye mishipa yake ya ubongo huziba taratibu mpaka upande mmoja wa mwili unalala. Hao si wa nadra kwetu. Tanzania hukadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na bila kinga yoyote takribani mmoja kati ya 10 hupata kiharusi kabla hajatimiza miaka 20. Kwao kinga ipo na inajulikana: mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kupima mwendo wa damu kichwani kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na kuwaongezea damu mara kwa mara wale ambao mwendo umezidi, hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Jicho litakalofundishwa kumwona mtoto mmoja mwenye fundo litawaona njiani makumi ya wengine wa namna hiyo.

Basi kifanyike nini? Kwanza, dalili za hatari zisikome kwenye siku ya kuzaliwa ya 5. Mtoto yeyote mwenye kichwa kilichoanza kuuma ghafla kwa ukali, hasa akitapika na hana homa. Mtoto aliyepata kifafa kwa mara ya kwanza bila homa. Mtoto ambaye mkono, mguu au mdomo umelegea upande mmoja. Mtoto anayesinzia na haamki vizuri. Hao wote ni wa rufaa siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimesema wanayo. Mambo hayo manne yanakaa kwenye karatasi moja ukutani. Yabandikwe zahanati na ofisi ya walimu, maana mtoto wa miaka 9 anashinda shule kuliko nyumbani, na mtu wa kwanza kumwona ni mwalimu wa zamu. Kwa vichanga, kichwa kinachokua haraka kipimwe kwa ultrasaundi kupitia utosi kabla ya kuwekewa mrija wa kutoa maji. Kama chanzo ni vena ya Galen, mrija huo unaweza kumdhuru.

Pili, usafiri. Mfumo wa m-mama, wenye namba ya bure 115, umeonyesha kwamba mjamzito wa kijijini anaweza kufuatwa na gari bila mtu kuombwa mchango wa mafuta, kwa kuwatumia hata madereva wa kijamii waliokubaliana malipo mapema. Umesambaa nchi nzima na unawahudumia pia vichanga. Tumeshajenga njia. Mtoto wa shule asiye na fahamu aruhusiwe kupita humo.

Tatu, malipo. Mtoto anayevuja damu kichwani asisimamishwe dirishani. Apigwe picha kwanza, hesabu ifuate. Sisi tuliuza kiwanja, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo kikafanya kilichobaki. Familia isiyo na kiwanja ingefanya nini? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha huduma zake wamkumbuke mtoto aliyevuka miaka 5, na wasiishie kwenye upasuaji. Mazoezi ya viungo na mafunzo ya kusema baada ya upasuaji ndiyo humrudisha mtoto darasani, nayo ndiyo familia nyingi huyakatisha kwa kukosa nauli.

Na nne, letu sisi wazazi, babu na bibi. Simdharau bibi aliyefukiza. Alifanya alichofundishwa na mama yake, kwa mapenzi, akilia. Wazee wetu waliupa ugonjwa huu wa kurusharusha jina la degedege kabla zahanati haijafika, na walikuwa wamegundua jambo la kweli: kwamba unamjia mtoto ghafla, kama kitu kilichotua kutoka juu. Jina na libaki. Ila neno hilo likitamkwa, tendo la kwanza liwe kumlaza mtoto kwa ubavu, kumwondolea vitu vinavyoweza kumuumiza, kutomtia kijiko wala kitu chochote mdomoni, kutompa aspirini wala diklofenaki, na kutazama saa. Kisha safari. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kumficha mtoto ndani ya moshi ni kumficha kulekule.

Mpwa wangu yu hai. Alipelekwa Dar es Salaam, damu ikaondolewa. Ilipofanywa angiografia, picha ya mishipa ya ubongo kwa dawa inayong'aa kwenye eksirei, ambayo Mreno Egas Moniz aliianzisha Lisbon mwaka 1927, fundo lilionekana upande wa kushoto, halijafika sentimita 3, karibu na uso wa ubongo. Madaktari hupima ukubwa, mahali lilipo na njia ya vena zake, na lake lilikuwa la kundi linaloweza kukatwa. Likakatwa. Wengine huzibwa kwa gundi, wengine hupigwa mionzi inayochukua miaka 2 au 3 kulifunga. Yeye alibahatika. Bado anarudi kupigwa picha, kwa sababu kwa watoto fundo lililoondolewa lote huweza kuota tena.

Mkono wake wa kulia haukurudi kikamilifu. Kuna maneno ambayo huyatafuta, anayasubiri, kisha yanakuja. Rede anacheza, ila yeye sasa ndiye anayerusha. Siwezi kuapa kwamba angepigwa picha Alhamisi ileile mkono ungepona. Huenda damu ilifanya uharibifu wake wote katika dakika za mwanzo. Lakini kifafa cha Jumamosi kilimkuta bila dawa, na kuvimba kwa ubongo kulikuwa na siku mbili nzima za kufanya kulivyotaka. Hilo tungeweza kulizuia. Daktari hakutulaumu. Alichosema wakati tunaruhusiwa ni kwamba kifafa kinaweza kumrudia, kwa hiyo kila kichwa kikiuma, kila mkono ukitetemeka, tuandike siku na saa, na tuje na maandishi hayo kliniki.

Dada alinunua daftari la mistari na saa ya ukutani, akaitundika juu ya mlango wa jikoni. Miezi ya mwanzo aliandika yeye. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuwasalimia, nikalikuta mezani, nikalifungua. Mwandiko wa mama uliishia ukurasa wa nne. Kuanzia hapo herufi ni kubwa, zimelalia upande, ni za mtoto anayejifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku mbili nyuma: "Jumatano saa 10 na dakika 20 jioni. Kichwa, kidogo. Kimeacha saa 11 kasoro."